Kaza Kama Hema

Trekta ilikuwa imeshapita Kiminini ikielekea Kamukuywa wakati simu ya Wakoli ilipolia tena. Alikuwa amekaa juu kabisa ya mzigo, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika kofia, kwa hiyo ilibidi kofia iende. Ilitua katikati ya lami na lori la miwa likaipitia. Wakoli aliitazama ikibaki nyuma, kisha akapokea simu.

"Uko wapi?" Huyo alikuwa dada yake, Nakhumicha wa Mabanga, ambaye hakuwa na desturi ya kumsalimia ndugu yake kabla ya kujua yuko wapi.

"Niko njiani."

"Hiyo najua. Tangu nikiwa na meno yangu yote uko njiani. Nauliza unakuja na nini. Festus ameambia bibi yake ati umejaza treila."

"Ni mzigo kidogo tu, dada."

Mzigo kidogo wenyewe ulikuwa mashua. Ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya treila, ya mbao, ndefu kuliko treila yenyewe, tumbo lake la kijani likitazama mbingu, na kila walipopita penye watu kuna mtu aliyesimama kuuliza. Pale Kamukuywa mama mmoja wa ndizi aliacha wateja wake, akasogea barabarani na kuinamisha kichwa kwa heshima.

"Poleni sana," akasema. "Alikuwa mtu mkubwa?"

"Mkubwa," akajibu Festus, mwenye trekta, bila kupunguza mwendo. "Alikuwa anakula sana."

Wakoli alikuwa anakaribia miaka sabini, na alikuwa ameshafanya kazi zote ambazo hazimlazimishi mtu kurudi kesho yake. Aliwahi kuwa utingo wa malori ya Juba, mpishi wa kambi ya barabara huko Lodwar, mkata miwa, mpiga rangi wa makanisa ya madhehebu yanayochukiana, na kwa muhula mmoja mwanafunzi wa chuo cha Biblia, kwa sababu chakula cha hapo kilikuwa kizuri. Shule alisoma vipandevipande, darasa hapa na darasa kule, kama mtu anayekula akitembea. Kazi ya mwisho ilikuwa ubawabu kwenye shamba moja nje ya Kitale, na huko ndiko alikoikuta mashua ghalani, chini ya magunia, popo wakiinyea. Mwenyewe alikuwa mzungu aliyezoea kuizungusha bwawani kila Jumapili wenzake wakiwa kanisani. Mzungu alikufa. Meneja alitaka pikipiki ya Wakoli, Wakoli alitaka mashua, wakabadilishana, na kila mmoja akaenda zake akiamini amempunja mwenzake.

Alichotaka nayo kilikuwa kitu rahisi. Alikuwa ameshafika kila mahali ambapo gari hufika, na barabara zilikuwa zimemchosha. Alitaka kuipeleka Port Victoria, aiteremshe ziwani, na aende mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia gari limejaa.

Shida ilikuwa moja. Mashua ilikuwa tumbo tupu. Mlingoti wake wa alumini mafundi wa jua kali walikuwa wameshaugeuza sufuria, na saa hiyo labda ulikuwa unapika maharagwe mahali. Waya zilikuwa zimeliwa na kutu, tanga limeliwa na panya. Wakoli alimpigia simu fundi wa mashua wa Port Victoria, aje Mabanga aisimamishe. Fundi alisema atakuja akimaliza msiba. Wiki mbili baadaye bado alikuwa anamaliza msiba. Wakoli akampata mwingine, ambaye alituma picha ya mashua nzuri sana aliyosema ameitengeneza yeye, na nyuma ya mashua hiyo ilionekana milima yenye theluji.

"Basi," Wakoli alijiambia, "nitafunga mwenyewe. Ni waya na nguzo tu."

Lakini kabla hajafunga chochote, mvua ilinyesha.

Ilinyesha siku tatu mfululizo, na mashua, ambayo sasa ilikuwa imepinduliwa na kuwekwa wima kwenye boma la Nakhumicha, ikajaa maji hadi ukingoni bila kuvuja hata tone. Asubuhi ya nne ng'ombe wake mkubwa, aliyeitwa Askofu kwa sababu ya kidevu chake na mwendo wake, alikwenda akanywa humo. Wengine wakafuata. Walijipanga pande mbili, vichwa ndani, mikia nje, hakuna kusukumana. Nakhumicha, mjane aliyekuwa amechoka kubeba ndoo, alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akawatazama kama mtu aliyejibiwa maombi.

"Hii kitu imekuja kwa Mungu," alisema.

"Hii kitu imekuja kwa trekta ya Festus, na ni yangu."

"Iko kwa boma ya nani?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nakhumicha alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, mama mnene mwenye mikono ya kukamua, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisema tu, "Sikiza. Wewe umeenda mara ngapi? Mazishi ya mama ulikuja ukapata maua yamekauka. Ya baba yetu mdogo, Papa Walubengo, hukukuja kabisa. Sasa unataka kuenda kwa maji, mahali hata simu haishiki."

Wakoli alijibu mengine. "Hiyo si hori la ng'ombe, dada. Hiyo ni chombo."

"Sawa. Kama ni chombo, nionyeshe. Utoke na hiyo chombo hapo bwawani, upande wa kanisa, ufike upande wa pampu, na urudi. Bila kusukumwa, bila kasia. Ukifanya hivyo nitakupikia kuku na uende. Ukishindwa, ni ya Askofu, na wewe utaacha kuzungukazunguka, utakaa hapa."

Bwawa alilosema lilikuwa kwenye bonde la chini ya boma, kati ya Kanisa la Marafiki na pampu ya maji, si kubwa, lakini lilikuwa na upepo wa kutosha kila alasiri ukishuka kutoka upande wa Mlima Elgon. Wakoli alikubali papo hapo. Alikuwa amewahi kukubali mambo mabaya zaidi kwa kufikiri kidogo zaidi.

Siku iliyofuata alipanda gari akaenda Bungoma mjini kumtafuta Alwi.

Alwi alikuwa na duka karibu na msikiti, la kukodisha hema na viti kwa harusi na matanga, na kwa sababu ya jina lake na kofia yake kila mtu Bungoma aliamini ni mtu wa pwani anayejua bahari kama jikoni kwake. Walimwita Nahodha. Ukweli ni kwamba babu yake alikuja na reli, baba yake alizaliwa Bungoma, yeye alizaliwa Bungoma, na maji mengi zaidi aliyowahi kuyaona yalikuwa ya mafuriko.

"Mzee Wakoli, mimi bahari nimeiona kwa kalenda," alisema. "Hata hapo nilisikia kizunguzungu."

"Lakini unajua kusimamisha nguzo na kuifunga isianguke."

Hapo Alwi akajikohoza. Hilo hakuweza kulikana. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akisimamisha hema kwenye mashamba ya watu, kwenye matope, kwenye mawe, kwenye upepo wa Machi unaong'oa mabati, na hakuna hema lake hata moja lililowahi kumwangukia marehemu. "Hiyo najua," alisema. "Ukitaka nguzo isimame, siri ni moja. Kaza. Ukidhani umekaza, kaza tena."

Wakaanza. Kwa mlingoti walikata mkaratusi mwembamba ulionyooka nyuma ya zizi la Nakhumicha. Kwa tanga, fundi wa Alwi alikata pembetatu kutoka hema kuukuu, na kwa kuwa upande mzuri uliobaki ulikuwa ule wenye maandishi, tanga lilitoka limeandikwa ALWI HEMA NA VITI, na namba ya simu ikipanda kuelekea angani. Waya walipata kwa muuza vyuma chakavu wa Webuye. Vikaza waya, vile vya skrubu vinavyotumika kwenye ua wa mashamba, walinunua dukani pamoja na klipu za kubania ncha.

Somo la klipu Wakoli alilisoma kwa kidole gumba. Ukitaka kufunga waya kwenye ndoano unaukunja, ncha inarudi sambamba na waya wenyewe, kisha unabana zote mbili kwa klipu. Klipu ina pande mbili, upande wa tandiko na upande wa chuma kilichopinda. Yeye alizifunga vyovyote, moja ikitazama huku na nyingine kule, akaning'inia kwenye waya ili aujaribu, waya ukateleza, na nyuzi zake za ncha zikaingia chini ya ukucha. Alikaa kwenye jiwe akinyonya kidole na kutaja watakatifu wote aliosomeshwa muhula ule mmoja. Kisha akazitazama klipu vizuri. Chuma kilichopinda kinauma waya. Basi kiume ile ncha isiyo na kazi, na tandiko laini likalie waya unaovuta. Akazigeuza zote zikatazama upande mmoja, tatu kwa kila ncha, akaning'inia tena. Haukuteleza. Alifurahi mpaka akamwita Nakhumicha aje aone.

"Naona," alisema Nakhumicha. "Mzee amening'inia kama popo. Askofu ana kiu."

Siku ya kujaribu, mlingoti ukasimamishwa ndani ya mashua pale ukingoni mwa bwawa, kitako chake kwenye ubao wa sakafuni, waya mbili zikashuka ubavuni kushoto na kulia, na mmoja mbele. Alwi akaingia kazini. Alivikaza vile vikaza kwa mikono, kisha kwa spana, kisha akapitisha nondo ndani ya kikaza na kukisokota kwa uzito wa mwili wake wote. Akaugonga waya kwa ukucha. Ukalia kama uzi wa litungu, zeze la huko.

"Bado kidogo," alisema.

"Umelia tayari, Alwi."

"Umelia sauti ya pili. Hema la matanga linalia ya kwanza." Akasokota tena. Mahali fulani chini ya mashua kitu kikasema *kri*, lakini hakuna aliyekisikia kwa sababu kina mama wa kanisa walikuwa wamefika.

Walikuwa wametoka kwenye mkutano wao wa Jumamosi, wakiongozwa na Nabwile, mwenyekiti wao, mama aliyeimba sauti ya kiume na kusema lolote. Walikalia nyasi, wakavua viatu, wakafungua karanga.

"Wakoli," Nabwile aliita, "ukifika Uganda utusalimie."

"Nitawaletea matoke."

"Usilete. Rudi tu na hiyo suruali."

Wakoli akasukuma mashua hadi maji yakamfika magotini, akapanda, akashusha ule ubao wa katikati unaokaa majini ili chombo kisiende upandeupande, akavuta tanga. Namba ya simu ya Alwi ikajaa upepo. Mashua ikatetemeka, ikaanza kwenda, na kwa muda mfupi Wakoli alihisi kitu ambacho hakuna lori lililowahi kumpa, kitu cha kuvutwa bila kelele. Ukaja upepo mkubwa zaidi. Waya wa upande wa upepo ukavuta. Ulikuwa hauna pa kunyooka zaidi, na mlingoti haukuwa na pa kwenda ila chini.

Ulikwenda chini. Ulipasua ubao wa sakafu kwa mlio kama wa mlango wa kanisa, ukashuka kupitia tumbo la mashua, na kwa kuwa mkaratusi mbichi ni mzito, ukaendelea kushuka mpaka ukajikita kwenye matope ya bwawa. Hapo ukasimama. Ukasimama wima kabisa, mashua imekaa imetobolewa katikati kama mandazi kwenye kijiti, haiendi mbele wala nyuma, maji yakipanda polepole hadi kwenye makalio ya Wakoli.

Kisha Alwi, aliyekuwa ukingoni, akasema kwa sauti ya fundi anayeridhika, "Sasa imesimama vizuri."

Kina mama walicheka mpaka karanga zikamwagika. Nabwile ilibidi ashikwe. Wakoli alibaki amekaa majini ameshika kamba ya tanga, na alichokiwaza, pamoja na matusi, kilikuwa hiki: Alwi amesema kweli. Sasa imesimama vizuri. Kwa nini sasa?

Waliivuta kwa trekta ya Festus. Nakhumicha alizunguka mashua mara moja, akaingiza mkono kwenye tundu, akautoa upande wa pili na kupungia.

"Umeniharibia hori," alisema.

"Nitaliziba."

"Utaziba, ndiyo. Ng'ombe hawawezi kunywa hewa."

"Na nikiziba nitajaribu tena. Hukusema ni mara ngapi."

Nakhumicha alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hiyo ndiyo ilikuwa shida yake maisha yote. "Mara moja tena," alisema. "Wacha nione utatoboa nini."

Basi Wakoli akaziba. Alichonga ubao wa mvule akaubandika kwa misumari ya shaba na lami. Akiwa amelala chini ya mashua, lami ikimdondokea shingoni, jibu likamjia bila haraka. Nguzo ya hema imekanyaga dunia. Uikaze utakavyo, dunia haitatoboka. Nguzo ya mashua imekanyaga ubao wenye unene wa Biblia. Kila unapokaza waya, huishikilii nguzo, unaigongomea chini. Alwi alikuwa amefunga hema zuri sana, na kosa lake lilikuwa moja tu: kulikuwa hakuna ardhi.

Alikaa na wazo hilo, kisha akafanya jambo ambalo Mabanga walilizungumza muda mrefu. Aliisimamisha mashua kwenye nyasi katikati ya boma, akaichongea mlingoti upya ukawa mwembamba na mwepesi, akauweka juu ya gogo pana la mvule lililolala juu ya mbavu nyingi za mashua ili uzito usambae, akapandisha tanga, na kila alasiri akawa anaingia na kukaa humo, nchi kavu, ameshika kamba. Watu wa sokoni walipita wakipunga. Wengine waliuliza ameshafika wapi. "Kisumu," alijibu. Kesho yake, "Mwanza."

Lakini alikuwa anatazama waya. Upepo ukija kutoka kushoto, waya wa kushoto ulijikaza wenyewe, bila mtu kuugusa, na wa kulia ukalegea ukaning'inia kidogo. Upepo ukigeuka, zinabadilishana. Mlingoti haukuanguka. Ulicheza kidogo, kama mtu anayesikiliza muziki lakini ana adabu. Akavilegeza vikaza zaidi, akatazama. Vikizidi kulegea, mlingoti unapiga kichwa na kushtuka. Akakaza kiasi. Polepole alipata mahali pake, si kwa sauti ya litungu bali kwa kusukuma waya kwa kiganja na kuhisi unakubali kidogo, halafu unakataa.

Alwi alipokuja kuona, alisimama mbele ya ule waya uliolegea kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake akitembea bila nguo.

"Huo umelegea."

"Uache."

"Mzee Wakoli, huo umelegea. Mimi sitalala."

"Usilale. Lakini uache."

Walikunywa chai. Wakoli alipogeuka kuchukua sukari, mkono wa Alwi ulikuwa tayari kwenye kikaza, ukisokota wenyewe, naye akitazama pembeni. Siku hiyo ilitokea mara tatu. Mwishowe Wakoli akachukua waya mwembamba wa ua, akaufunga kwenye kila kikaza, kisizunguke. Baadaye huko ziwani aliambiwa kwamba watu wa mashua wote hufanya hivyo ili kikaza kisijifungue. Yeye alifanya ili Alwi asikifunge.

Ikafika siku ya pili ya bwawa. Habari zilikuwa zimetembea. Walikuja hata watu wa Saboti ambao walisema wanamtembelea shangazi. Nabwile alileta kiti. Kwaya ilisimama karibu na maji, tayari kwa wimbo wowote, wa kusherehekea au wa kuzika.

Tatizo lilikuwa jipya. Katika zile safari zake za nyasi Wakoli alikuwa amejifunza pia kwamba chombo kikiegemezwa na upepo kinataka uzito upande unaoinuka, na yeye alikuwa mwembamba kama mwiko.

"Alwi, ingia ukae ubavuni."

"Mimi?" Alwi alirudi nyuma hatua nzima. "Mimi niko na wateja."

"Nitaingia mimi," alisema Nakhumicha.

Watu wote walimtazama. Alikuwa amevaa gauni la kanisa na gambuti za mpira za zizini. "Nataka kuona kwa macho yangu hakuna anayesukuma na mguu," alieleza, na akaanza kuingia. Mashua ilikaa chini ghafla upande mmoja, kisha ikamzoea.

"Utashika kamba hii ya tanga," Wakoli alimwambia. "Mimi nashika usukani. Nikisema vuta, vuta. Nikisema legeza, legeza."

"Nimeshika kamba kabla hujazaliwa."

Na kweli, walipotoka aliishika vizuri kuliko yeye. Alijifunga nayo kiganjani mara moja, miguu mbele, mgongo nyuma, kama anayemzuia Askofu asiingie kwenye mahindi ya jirani. Tanga likajaa. Waya wa upande wa upepo ukajikaza, wa pili ukaning'inia, Alwi ukingoni akafumba macho. Mashua ikaondoka. Ilipita mahali lilipotokea tundu la kwanza, ikaendelea, maji yakitoa sauti ndogo ya kuteta chini ya mbao. Walifika kwenye pampu. Wakoli akageuza usukani, tanga likahama upande wa pili kwa kishindo na kumvua Nakhumicha kitambaa, na sasa walikuwa wanarudi.

Katikati ya bwawa upepo wa mlima ukashuka wote kwa pamoja. Mashua ikalala ubavu. Ukingo mmoja ukagusa maji, maji yakaanza kuingia.

"Legeza," alisema Wakoli.

Nakhumicha akavuta zaidi. Ndivyo mkono wake ulivyojua. Mnyama akivuta, unavuta.

"Dada, legeza kamba."

"Nikiachilia itaenda."

"Ndiyo. Iache iende. Haiendi mbali, iko na waya."

"Itatupindua."

"Wewe ndiye unatupindua."

Maji yalikuwa yameingia kwenye gambuti. Nakhumicha alimtazama ndugu yake, si kwa hasira, alimtazama tu kwa muda mrefu kuliko nafasi iliyokuwepo, kama anayehesabu meno yake. Kisha akafungua kiganja. Kamba ikakimbia, tanga likapepea, upepo ukamwagika nje, na mashua ikainuka yenyewe, ikasimama, na kujitikisa.

"Sasa vuta kidogo," Wakoli alisema. "Kidogo tu."

Akavuta kidogo. Ikaenda.

Ilikwenda hivyo mpaka ikagonga nyasi za upande wa kanisa. Hapo Nakhumicha alishuka mwenyewe, akakataa mikono ya watu, akamwaga maji kutoka gambuti ya kushoto, kisha ya kulia.

"Imekupa nini, mama?" Nabwile aliuliza.

"Imenipa njaa," alisema Nakhumicha. "Mtu ashike yule jogoo mweusi."

Wakoli alikula paja na kidari na firigisi, na dada yake alimtazama akila bila kumwambia apunguze. Wiki iliyofuata trekta ilitoka tena, safari hii kuelekea Port Victoria.

Festus aliipeleka, akarudi, na bado anaeleza kila anayemuuliza njiani kwamba alimbeba marehemu yuleyule mara ya pili.

Alwi anakodisha hema kama kawaida. Alipata wateja wapya kadhaa kutoka upande wa ziwa, ambao waliona namba yake ikielea. Bado hajaiona bahari. Bado anaitwa Nahodha, na bado anakaza.

Nabwile aliacha uenyekiti kwa sababu ya magoti.

Fundi wa Port Victoria alimaliza msiba. Alimkuta Wakoli ufukweni akifunga klipu, akamwambia anazifunga vizuri, akamwomba kazi.

Nakhumicha alijenga hori la saruji. Askofu alilinusa akakataa, akawa ananywa kwenye ndoo mpaka alipouzwa. Wanaofuata wanalitumia.

Wakoli hubeba sabuni, chumvi na abiria wenye subira kwenda visiwani. Amerudi Mabanga mara mbili, zote kwa mazishi, na zote mbili alifika kabla ya hema kusimamishwa. Mlingoti wa mkaratusi ulipasuka mwaka wa pili, akauondoa na kuweka mwingine mwenyewe. Waya ni zilezile.